Je, joto la dunia linatoka kwenye volkano ya Nyiragongo au kwenye makala (mkaa) yetu?

*Ninaishi Goma, na shamba letu liko Rusayo, chini ya Nyiragongo. Marehemu baba alikuwa anapanda maharagi katikati ya mwezi wa tisa bila kuuliza mtu. Miaka hii tunapanda, mvua inakata wiki mbili, mbegu zinakufa. Halafu inarudi kwa nguvu na kubeba udongo. Majirani wanasema ni volkano: moshi unatoka mchana na usiku, na majani ya maharagi yanaungua. Wengine wanasema ni sisi wenyewe tunaochoma makala. Kijana mmoja anayesoma chuo aliniambia kwamba gesi ya Ziwa Kivu ndiyo inapasha dunia joto. Ukweli ni upi? Na kama kosa si letu, tufanye nini na mvua hii? Nyumbani Rusayo tunakunywa maji ya mabati, na tuna watoto wadogo.*

Ndugu yangu, ndani ya swali lako mna maswali matatu, na kila moja lina jibu lake. Kinachounguza majani ya maharagi Rusayo ni volkano kweli. Hapo majirani hawajakosea. Kinachopasha dunia nzima joto si volkano, si gesi ya ziwa, na kwa sehemu kubwa si makala ya Goma. Mvua inayokata mwezi wa tisa nayo ina sababu zake, nyingine za tangu zamani, nyingine mpya. Naomba tuyatenganishe, kwa sababu anayeyachanganya huishia kuulaumu mlima kwa jambo usilohusika nalo, na kusahau kujikinga na lile unalohusika nalo, hasa kwenye maji ya kunywa.

Tuanze na moshi. Sehemu kubwa ya lile wingu jeupe ni mvuke wa maji. Ndani yake mna hewa ya ukaa (CO2), gesi ya salfa, na asidi za klorini na florini. Katika miaka iliyofuata mlipuko wa Januari 2002, Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira zilihesabiwa miongoni mwa volkano zinazotoa salfa nyingi zaidi duniani, kwa hiyo anayesema mlima huu unachafua hewa yetu anasema kweli. Ila joto la dunia ni hesabu ya hewa ya ukaa, na hapo volkano ni ndogo. Ukijumlisha volkano zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, kwa mwaka mzima hazifikishi tani bilioni 1. Binadamu, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi na kwa kutengeneza saruji, hutoa tani bilioni 37 hivi kila mwaka. Pinatubo ya Ufilipino, iliyolipuka Juni 1991 na kuwa moja ya milipuko mikubwa ya karne ya 20, ilitoa takriban tani milioni 50 za hewa ya ukaa. Magari, viwanda na mitambo ya umeme hutoa kiasi hicho kwa nusu siku.

Tena volkano kubwa hupoza dunia. Pinatubo ilirusha tani milioni 15 hadi 20 za gesi ya salfa mpaka stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya mvua. Huko ikageuka matone madogo mno ya asidi yaliyozuia sehemu ya mwanga wa jua, na mwaka 1992 wastani wa joto la dunia ukashuka kwa karibu nusu digrii. Nyiragongo haiwezi hata hilo. Lava yake ni majimaji, inatiririka badala ya kurushwa angani, na moshi wake haupandi mbali sana juu ya kilele chenye mita 3,470. Salfa yake hurudi chini na mvua ndani ya siku chache: kwenye mabati ya Rusayo na kwenye maharagi yako, maana upepo wa kawaida huku husukuma moshi upande wa magharibi, na Rusayo iko upande huohuo.

Jirani mgumu anaweza kukataa namba zote hizo na kuuliza nani alipima. Mwambie kaboni yenyewe inasema ilikotoka. Hili ndilo ningependa ulishike vizuri kuliko mengine.

Atomi za kaboni si za aina moja. Nyingi ni kaboni 12; takriban 1 katika kila 100 ni kaboni 13, nzito kidogo; na chache mno ni kaboni 14, ambayo huoza polepole mpaka ikaisha. Mmea unapovuta hewa hupendelea kaboni 12, kwa hiyo kila kinachotokana na mimea, yaani makala, makaa ya mawe na petroli, kina upungufu wa kaboni 13. Gesi ya volkano inatoka tumboni mwa dunia na haina upungufu wa namna hiyo. Kwenye kipimo cha wanasayansi, kinachohesabu tofauti kwa kila sehemu elfu, gesi ya volkano iko karibu na −5, na mafuta na makaa ya mawe yako karibu na −25 hadi −30. Hewa tunayovuta ilikuwa karibu −6.5 kabla ya enzi ya viwanda. Kama volkano ndizo zilizoongeza hewa ya ukaa, namba hiyo ingesogea kuelekea −5. Imekwenda upande wa pili: sasa ni karibu −8.5.

Hapo Nyiragongo imetoka kwenye kesi. Lakini makala nayo ni miti, mbona tusiseme ni makala? Kaboni 14 ndiyo inayojibu. Hutengenezwa juu angani na miale inayotoka nje ya dunia, mti ulio hai huivuta kila siku, na mti ukifa kiasi chake hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mti uliokatwa Masisi mwaka jana unayo tele. Makaa ya mawe na petroli, vilivyolala ardhini mamilioni ya miaka, vimeishiwa nayo kabisa. Mwaka 1955 Hans Suess alionyesha kwamba mbao zilizoota karne ya 20 zilikuwa na kaboni 14 pungufu kuliko zilivyopaswa: hewa ilikwisha kuchanganywa na kaboni ya kale. Kuchoma misitu peke yake kusingeleta upungufu huo. Kuna na ushahidi wa oksijeni. Kuchoma kitu chochote hula oksijeni, lakini gesi ya volkano hutoka ardhini bila kuchomwa. Vipimo makini vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 vinaonyesha oksijeni ya angahewa inapungua, kidogo sana, si kiasi cha kumkosesha mtu pumzi, lakini inapungua kama inavyotarajiwa pale mafuta yanapochomwa.

Sasa, gesi hii inapashaje joto? Angalia usiku wa Goma mwezi wa saba. Anga likiwa wazi, alfajiri ni baridi. Mawingu yakifunga, usiku unabaki na uvuguvugu. Ardhi iliyopashwa na jua mchana hurudisha joto juu kwa miale ambayo macho hayaioni. Oksijeni na naitrojeni, zinazofanya asilimia 99 ya hewa kavu, huiacha miale hiyo ipite. Mawingu, mvuke wa maji, hewa ya ukaa na metani (gesi inayowaka, iliyomo pia Ziwa Kivu) huinasa na kurudisha sehemu yake chini. John Tyndall alipima kunaswa huko kwa vyombo mjini London mwaka 1859, na mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi akakokotoa joto litakaloongezeka hewa ya ukaa ikizidi. Watu hao walifanya kazi kabla ya kuwa na gari moja barabarani kwetu.

Barafu ya Antaktika, yenye viputo vya hewa ya miaka 800,000, inaonyesha hewa ya ukaa haikupita sehemu 300 hivi kwa kila milioni katika muda huo wote. Kabla ya viwanda ilikuwa 280. Vipimo vilipoanza Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 ilikuwa karibu 315, na leo imepita 420. Utaulizwa: Mauna Loa si volkano? Ndiyo, ni volkano. Upepo ukitoka upande wa kreta, namba huruka ghafla, na vipimo hivyo hutambuliwa na kuwekwa kando. Kituo kilichoko Ncha ya Kusini, mbali kabisa na huko, kinaonyesha mwinuko uleule. Wala si jua lililozidi ukali: kama lingekuwa jua, stratosfia nayo ingepata joto, na badala yake imepoa. Ukitaka ushahidi wa karibu na nyumbani, Rwenzori, mpakani mwetu na Uganda, ilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 6.5 za barafu mwaka 1906. Leo haifiki 1.

Gesi ya Ziwa Kivu nitaipitia haraka. Kweli, mna metani nyingi, takriban kilomita za ujazo 60, na hewa ya ukaa karibu mara tano ya hiyo. Lakini imeyeyuka kwenye maji ya chini, mazito kwa chumvi, ambayo hayachanganyiki na ya juu. Metani kidogo inayopanda huliwa na bakteria kabla ya kufika hewani. Hatari ya gesi hiyo ni ya watu wa pwani ya ziwa, endapo siku moja maji ya chini yangepinduliwa. Haina mchango wa maana katika joto linalopimwa duniani leo.

Makala yanahitaji haki ya pande zote mbili. Mkongomani wa kawaida, kwa mafuta na gesi, hutoa chini ya kilo 100 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Wastani wa dunia ni zaidi ya tani 4, na wa Mmarekani ni karibu tani 14. Anayemwambia mama wa mtaa wa Birere, Goma, mwenye babula (jiko la makala) moja kwamba ndiye aliyeharibu tabianchi anamwonea. Hata hivyo ukataji wa misitu duniani kote huchangia takriban sehemu moja ya kumi ya hewa ya ukaa inayotoka kwa binadamu kila mwaka, na Kongo ni miongoni mwa nchi zinazopoteza misitu ya asili kwa wingi. Hasara ya kwanza ni yetu wenyewe: tanuru la udongo hula kilo 7 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya makala, mlima unabaki uchi, na mvua ileile iliyokuwa inazama ardhini sasa inateremka na udongo wako. Babula iliyozungushiwa udongo wa mfinyanzi ndani, badala ya bati tupu, hupunguza makala kwa theluthi moja au zaidi. Hilo linafaa kwa mfuko wako na kwa mlima, hata kama halibadilishi joto la dunia.

Sasa mvua yako. Mvua za Septemba hadi Desemba hutegemea sana joto la Bahari ya Hindi na lile la Pasifiki. Upande wetu huu wa Afrika, miaka ya El Niño, yaani maji ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida, mara nyingi huleta mvua nyingi za vuli, na miaka ya kinyume chake huleta ukame. Kupanda na kushuka huko kulikuwapo hata enzi za baba yako. Kipya ni kwamba dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya digrii 1, na kila digrii moja huiwezesha hewa kubeba mvuke wa maji zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hewa yenye joto hukausha udongo haraka siku zisizo na mvua, kisha mvua inapokuja humwaga kwa mkupuo. Mchezo wa kukauka na kumwagika uliouelezea unaendana na hilo. Siwezi kukuambia kwa haki kwamba msimu fulani ulioharibika ni kazi ya mabadiliko ya tabianchi. Hata baada ya maafa ya mafuriko ya Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, ya Mei 2023, yaliyoua zaidi ya watu 400, wanasayansi waliochunguza mvua ile walisema vituo vya kupima mvua kandokando ya Kivu ni vichache mno kutoa hukumu. Tabianchi hupimwa kwa miaka 30, si kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo acha kupanda kwa kalenda, panda kwa kipimo. Tafuta chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka. Yenye kiuno au mikunjo itakudanganya. Kata sehemu ya juu pale ubavu unapoanza kunyooka, igeuze iwe kama funeli, uirudishe ndani. Weka changarawe chini ili isianguke, jaza maji mpaka mahali ubavu unaponyooka, na hapo ndipo sifuri. Bandika rula kuanzia hapo. Milimita moja kwenye rula ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba ya shamba. Iweke mahali wazi, mbali na mti au nyumba kwa angalau mara mbili ya urefu wake, usome kila siku saa moja asubuhi, andika, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Ukichelewa mpaka mchana, jua limekwisha kunywa sehemu ya mvua.

Panda mvua ikifikisha milimita 20 ndani ya siku tatu, na ukichimba kwa jembe udongo uwe umelowa mpaka sentimita 15. Sharti hilo la pili lina uzito Rusayo, kwa sababu udongo wenu ni mwembamba juu ya lava na hupoteza maji upesi. Mvua moja ya nguvu yaweza kutoa milimita 20 na nusu yake ikateremka bila kuzama. Usitie mbegu yote ardhini kwa siku moja: kama una kilo 10, panda 6, bakiza 4 mpaka mvua ithibitike. Mvua ikichelewa hadi katikati ya mwezi wa kumi, maharagi mafupi yanayokomaa kwa siku 70 hivi ni salama kuliko yale ya kupanda juu ya miti, ambayo huzaa zaidi lakini huhitaji miezi mitatu hadi minne. Mabua na majani ya mavuno usiyachome. Yatandaze katikati ya mistari.

Mmomonyoko huzuiwa na mitaro inayokata mteremko, si inayoufuata. Unganisha fito tatu mfano wa herufi A, ning'iniza kamba yenye jiwe, na utaweza kuchora mstari ulio sawa kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea: mtaro uliochimbwa kwa macho huinama upande mmoja, maji yote hukusanyika huko, ukingo unapasuka, na korongo linazaliwa palipokuwa na shamba. Udongo uliochimba uweke upande wa juu wa mtaro na upande matete hapo.

Maji ya mabati ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano hubeba asidi na floraidi, na asidi hula zinki ya mabati. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa kuchemka, floraidi inabaki na kukolea. Dawa ya klorini haiiondoi, na makala ya kawaida kwenye kichujio hayaiondoi pia. Mkaa wa mifupa huiondoa, ila unachoka na lazima ubadilishwe. Kwanza, mwaga maji ya mwanzo ya kila mvua: paa la mita za mraba 50 linahitaji lita 50, yaani bidoni (madumu ya lita 20) mbili na nusu, kabla ya kuelekeza bomba kwenye tangi. Siku moshi umelala juu ya kijiji, usikinge kabisa. Hatua hiyo hupunguza vumbi, majivu na sehemu ya asidi, lakini floraidi iliyomo ndani ya mvua yenyewe inabaki. Kwa watoto walio chini ya miaka 8, ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka, tafuta maji ya kunywa kutoka chanzo kilichopimwa, hata kama ni bidoni moja kwa siku, na maji ya mabati yabaki ya kufulia na kuoshea.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini uko upande wake: mazuku. Ni hewa ya ukaa ileile, ila hapa inaua kwa kukolea. Kwenye angahewa ni asilimia 0.04 tu, kwenye mabonde ya kuelekea Mugunga na Sake inaweza kupita asilimia 10, na mtu anazimia kwa pumzi chache. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala mabondeni, hasa alfajiri kabla ya upepo. Mijusi, ndege au wadudu waliokufa shimoni ni onyo la kutosha. Usipime kwa mshumaa, kwa sababu mwali unaweza kuwa bado unawaka mahali ambapo mtu tayari anapoteza fahamu. Mtu akianguka humo usimfuate: wengi waliokufa ni wale walioingia kuokoa. Mvute kwa kamba au mti ukiwa juu, mfikishe kwenye hewa safi, kisha hospitali, hata akiamka na kusema amepona.

Yapo ambayo maandishi hayatoshi. Meno mapya ya mtoto yakitokea na mistari myeupe kama chokaa au madoa ya kahawia, mpeleke kituo cha afya na ubebe sampuli ya maji mnayokunywa. Omba ipimwe floraidi, ambayo kwa Shirika la Afya Duniani haipaswi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita. Ardhi ya mteremko ikipasuka juu ya nyumba, au milango ikianza kukwama ghafla wakati wa mvua, toka humo na familia kabla ya kumtafuta fundi. Harufu mpya, mitetemo au mpasuko wenye joto shambani ni kazi ya OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano. Na kwa habari ya mbegu, mwite agronomu (mtaalamu wa kilimo) wa eneo lako afike Rusayo mwenyewe, mchimbe udongo pamoja, na umwonyeshe daftari lako la mvua. Namba za msimu mmoja hazitoshi kuhukumu tabianchi, lakini zinatosha kwake kukuchagulia maharagi ya siku ngapi upande.